Gemu za kihistoria: uhalisia au raha? Tupeane uzoefu

Mzee wa Pedi: Wakuu, juzi nipo kwenye Civilization VI, ile gemu ya kujenga himaya na maajabu ya dunia, Mjapani kaniwahi kujenga ajabu la Kilwa Kisiwani. Kilwa yetu, iko pembeni ya Kyoto! Nikacheka, halafu roho ikaniuma. Nyie gemu gani ya kale imewahi kuwatenda?

Karafuu Tupu: Bado hujakutana na Zanzibar humo. Ukiishika inakupa karafuu na mdalasini, hata kama mko miaka elfu mbili kabla ya Kristo. Karafuu zimeshamiri enzi za Seyyid Said, karne ya 19!

Dogo wa Banda: Ulitaka ikupe nini, urojo?

Karafuu Tupu: Utani weka pembeni, watoto wanaamini haya mambo.

Dogo wa Banda: Mtoto gani anajifunza historia kwenye gemu yenye Gandhi anayerusha nyuklia?

Mtu Kwao: Mnagombania karafuu, mimi nimeliwa na Kingdom Come: Deliverance. Bohemia, Ucheki ya leo, mwaka 1403. Wewe ni Henry, mtoto wa mhunzi, hujui kusoma. Ukifungua kitabu kabla hujafundishwa, herufi zimekaa shaghalabaghala. Chakula kinaozea mkobani. Nikasema naam, hii ndiyo gemu. Shida ni kuhifadhi gemu ulipofikia: ulale kitandani, au unywe pombe yao maalumu, na chupa zilikuwa zimeniishia. Usiku ule nikavizia kambi ya majambazi. Upanga unagonga deraya haukati, pumzi zinaniishia, jamaa wawili wananizunguka. Nikamlaza wa mwisho huku navuja damu. Ndo nainama nimvue ile kofia ya chuma, umeme huo, pap! Kurudi, nipo kijijini jana yake, nimevaa matambara, njaa inauma.

Dogo wa Banda: 1403 hata wao hawakuwa na umeme. Uhalisia asilimia mia 😂😂

Shangazi Gemu: Pole baba. Nunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Mzee wa Pedi: UPS ya nini? Kuna modi, nyongeza ya mashabiki, ya kuhifadhi popote, weka.

Mtu Kwao: Na modi si ndo nimeshaua uhalisia wenyewe?

Pwani Raha: Hii kambi ni chai, leta picha.

Karafuu Tupu: Turudi kwenye mada. Assassin's Creed Unity, Paris ya Mapinduzi ya karne ya 18, kanisa la Notre-Dame lina ule mnara mwembamba ulioungua 2019. Ulijengwa karne ya 19!

Shangazi Gemu: Nimeukwea mpaka kileleni, mji wote unauona. Wauache hapohapo.

Pwani Raha: Naunga mkono hoja.

Dogo wa Banda: Mtu Kwao, ile kofia uliipata?

Mtu Kwao: Usinichokoe.