Piza mbichi katikati, soseji zilizobanduliwa na sentimita tano zilizopotea: malalamiko yangu

Ndugu wanajukwaa,

Jumamosi iliyopita jioni nililipa ankara kamili ya chakula ambacho mimi na shangazi yangu hatukukimaliza, na hatukukiacha kwa sababu ya shibe. Nimekaa na hasira hii siku nne kabla ya kuandika, nikitaraji kwamba ingepoa na kuniacha niandike kwa haki, lakini kila ninapokumbuka namna tulivyojibiwa naiona inawaka upya. Jina la mgahawa silitaji, kwa kuwa nimemwandikia mmiliki wake na bado ninampa nafasi ya kujibu. Nitakayoyaeleza ni yale tuliyoyaona kwa macho yetu na, kwa jambo moja, tuliyoyapima kwa futi.

Naanza na menyu, maana hukumu yangu nimeijenga juu ya maneno yao wenyewe. Ukurasa wa kwanza unajigamba kwamba piza zao ni za mtindo halisi wa Naples, na chini ya majigambo hayo wameweka ile hadithi ya mpishi Raffaele Esposito, anayesemekana kumwandalia Malkia Margherita wa Italia piza ya nyanya, jibini na majani ya mrehani mwaka 1889. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka hadithi hiyo, lakini hilo si kosa la mgahawa. Kosa ni kulitumia jina la Naples kama pambo, ilhali piza ya Naples ina masharti yaliyoandikwa na yanayosomeka na yeyote anayetaka kuyasoma: chama cha kuilinda kiliundwa mjini humo mwaka 1984, Umoja wa Ulaya ukaisajili mwaka 2010, na ufundi wa wapishi wake ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Kinyunya chake ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, bila mafuta wala sukari. Huachwa kiumuke kwa saa kadhaa, kisha huokwa kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri ya kuni ambayo sakafu yake hufikia nyuzijoto 485. Mimi sikwenda pale kudai Naples. Ningeridhika na piza ya kawaida iliyookwa kwa tanuri ya umeme, mradi imeiva. Wao ndio walioileta Naples mezani, nami nikaisoma.

Shangazi yangu amekanda na kuoka mikate kwa zaidi ya miaka 30, na nilimpeleka kwa sababu nilitaka walau siku moja ale kitu kilichookwa na mtu mwingine. Aliagiza piza ya uyoga, akasema wazi kwamba asiwekewe nyama ya aina yoyote, kwani haili. Mimi niliagiza Margherita, ile piza yenye jina la malkia. Zote mbili zilikuwa za ukubwa wa juu, ambao menyu inasema ni sentimita 30. Kijana aliyetuhudumia hakuandika kitu. Alitikisa kichwa, akaondoka. Tukasubiri saa moja na dakika kumi. Meza mbili zilizoketi baada yetu zilihudumiwa, moja yao ikala, ikalipa na kuondoka, na kila tulipouliza tulijibiwa maneno yaleyale, "Inakuja, mama," pasipo mtu yeyote kwenda jikoni kuangalia kama kweli ilikuwa njiani. Kijana huyo simlaumu sana. Nilihesabu meza nane alizokuwa akizihudumia peke yake, na mtu mwenye meza nane hana muda wa kukumbuka nani hali nyama.

Piza ya shangazi ilipofika, alikata kipande kimoja, akakiinua, na chini ya jibini vikaonekana vipande vya soseji. Akamwita kijana na kumwambia kwa upole, kama kawaida yake, "Mwanangu, nilisema mimi sili nyama." Kijana akajibu kwamba angerekebisha, akaichukua sahani. Baada ya dakika nne ikarudi. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilivutiwa, maana katika tanuri ile ya Naples niliyoieleza hapo juu dakika nne zingetosha kabisa kutandaza kinyunya kipya na kukioka. Kisha shangazi akanionyesha kwa ncha ya kisu. Kile kipande alichokuwa amekikata kilikuwa palepale, kimerudishwa mahali pake, na mstari wa kisu chake ulionekana kuanzia ukingoni hadi katikati. Mahali palipokuwa na soseji palibaki vishimo vya mviringo, kila kimoja na mafuta mekundu yaliyotuama, na juu yake uyoga ulikuwa umesogezwasogezwa ili kuvifunika. Kimoja hawakukifunika. Labda uyoga uliwaishia.

Nawaomba mnaofanya kazi jikoni mlisome hili kwa makini. Kubandua kitu si sawa na kutokiweka. Mtu asiyekula nyama kwa imani yake, au kwa agizo la daktari, hawezi kuhesabiwa kuwa ameheshimiwa kwa sababu tu nyama imeondolewa huku mafuta yake yamekwisha kulowa kwenye jibini na unga. Kwa mtu mwenye mzio wa chakula fulani, mabaki yasiyoonekana yanaweza kumfunga pumzi. Aliyezibandua soseji zile hakuwa amesahau, kama alivyosahau kijana wa mezani; alikuwa anajua, alikuwa na piza mkononi, na alichagua kutudanganya. Hapo ndipo jioni yetu ilipoharibika, na kama yangeishia hapo, bado uzi huu ningeuandika.

Hayakuishia hapo, kwa sababu Margherita yangu ilikuwa mbichi. Juu jibini ilikuwa imeungua na kuwa na madoa ya kahawia, hivyo anayeiangalia kwa mbali angedhani imeiva kupita kiasi, lakini nilipoinua kipande, upande wa chini ulikuwa mweupe kama ulivyoingia tanurini, na katikati unga ulinata kwenye uma. Shangazi aliubonyeza kwa kidole na alama ya kidole ikabaki. Alinieleza, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mtu, kwamba tanuri hiyo ilikuwa na moto juu na baridi chini, pengine kwa sababu waliipakia piza nyingi kabla sakafu yake haijapata joto tena, na kwamba mchuzi wa nyanya ulikuwa wa maji mno, ukalowesha unga badala ya kukauka juu yake. Kuhusu ukingo, alisema kinyunya kilitolewa kwenye jokofu na kutandazwa kabla hakijapumzika, kwa hiyo kilikuwa kigumu, hakikuumuka, na kilipotafunwa kilijivuta kama mpira. Aliongeza kwamba kilikuwa na sukari, jambo ambalo mimi nisingeligundua.

Wapo watakaosema kwamba unga mbichi ni suala la ladha tu, na hao nawapinga. Unga wa ngano haupikwi unaposagwa, na unaweza kubeba vimelea kama Salmonella na E. koli, ndiyo maana wataalamu wa usalama wa chakula huonya watu wasionje kinyunya kabla hakijaokwa. Moto ndio unaotulinda, na moto huo tuliulipia. Kuinua ukingo wa piza kwa koleo na kutazama chini yake ni kazi ya sekunde mbili, tena ni jambo la kwanza analofundishwa mtu anayewekwa mbele ya tanuri. Hakuna aliyetazama.

Jibini sitaikalia sana. Menyu inaandika mozzarella. Mozzarella ikiyeyuka huvutika kwa nyuzi laini, ikatoa maziwa kidogo na mafuta kidogo. Yetu ilitoa mafuta ya rangi ya chungwa yaliyotiririka hadi kwenye vidole, na ilipopoa ikawa ngozi ngumu iliyobanduka nzima kutoka kwenye unga. Sitaapa kwamba ilikuwa ile jibini ya kuigiza inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya maziwa, kwa kuwa sikuingia jikoni kusoma paketi yake. Nasema tu kwamba kama ilikuwa mozzarella, basi walikuwa wameikosea sana.

Sasa nije kwenye ukubwa, kwa sababu hapa ndipo fedha yetu ilipochukuliwa kwa namna inayohesabika. Shangazi hushona pia, na mkoba wake haukosi futi ya fundi cherehani. Aliponiona naikodolea macho piza yangu kwa mashaka, aliitoa, tukapima. Ilikuwa sentimita 25 kutoka ukingo hadi ukingo. Tukaipima na yake, ikawa 25 vilevile. Mtu anayesikia upungufu wa sentimita tano huona ni jambo dogo, na nadhani ndiyo maana mchezo huu unafanyika bila mtu kupiga kelele, lakini piza huliwa kwa eneo, hailiwi kwa kipenyo. Duara la kipenyo cha sentimita 30 lina eneo la takriban sentimita za mraba 707, ilhali la sentimita 25 lina takriban 491. Yaani tulipunjwa zaidi kidogo ya asilimia 30 ya chakula, karibu theluthi nzima, kwa bei ileile iliyoandikwa. Chukua piza iliyokatwa vipande vinane, ondoa viwili na nusu hivi uviweke kando, kisha umwambie mteja alipe vyote vinane. Ndivyo tulivyofanyiwa, isipokuwa sisi hatukuonyeshwa vile vilivyowekwa kando.

Nilimwomba meneja aje. Alikuja baada ya dakika kumi na tano, hakuketi, hakuuliza kilichotokea, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba wateja wengine wote wanazisifu piza zao. Nilipomwonyesha upande wa chini wa Margherita, alisema baadhi ya watu huzipenda zikiwa laini. Nilipomwonyesha vishimo vya soseji, alisema jikoni hawawezi kutupa chakula kizuri kwa sababu ya kasoro ndogo, na naamini hakujua kwamba kwa kusema hivyo alikuwa amekiri. Nilipomwonyesha futi, alitabasamu.

"Kaka, unga husinyaa ukiingia motoni."

"Ungesinyaa, mwanangu," shangazi akamjibu, "ungeacha nafasi kwenye sinia."

Kwa kweli piza zote mbili zilikuja kwenye masinia ya bati waliyozioka ndani yake, na zilikuwa zimeyajaza hadi kwenye kuta, bila hata upenyo wa kupitisha wembe. Masinia yenyewe ndiyo yaliyokuwa ya sentimita 25. Meneja aliyatazama kwa muda, na kwa jinsi alivyoyatazama nadhani hakuwahi kuyapima tangu yaliponunuliwa. Kisha akasema ukubwa ulioandikwa kwenye menyu ni wa makadirio. Sijawahi kuona makadirio ambayo kila mara yanakosea kwa faida ya anayekadiria.

Ankara ilipokuja ilikuwa na bei kamili ya piza zote mbili, pamoja na soseji za ziada ambazo hatukuziagiza, kisha zikabanduliwa, na bado tukatozwa. Juu ya hayo waliongeza ada ya huduma. Soseji nilizikataa na wakaziondoa kwenye hesabu, safari hii bila kuacha alama. Mengine nililipa, si kwa kuridhika, ila kwa sababu shangazi alikuwa amechoka na alikuwa ameniomba mara mbili twende zetu. Najua wapo humu watakaoniuliza kwa nini nililipa, na jibu langu ni kwamba kuna saa mtu huchagua kati ya haki yake na heshima ya mzee aliye naye mezani, nami nilichagua.

Katika barua niliyomwandikia mmiliki nimemtaka abadilishe masinia au abadilishe menyu, aweke utaratibu wa kuandika oda za watu wenye masharti ya chakula ili zifike jikoni zikiwa kwenye karatasi, na afundishe watu wake kwamba chakula kilichokosewa huandaliwa upya. Fedha sikuitaja. Barua ilipokelewa Jumatatu, na mpaka naandika haya haijajibiwa. Kama kuna aliyewahi kupima piza aliyouziwa mahali popote na kuikuta pungufu, naomba aandike hapa kipimo alichoahidiwa na kipimo alichokikuta, kwa kuwa meneja aliniambia kwamba mimi ndiye mteja wa kwanza duniani kuingia mgahawani na futi.

Tulipokuwa mlangoni, meneja alitufuata na kunipa kuponi ya punguzo la nusu bei kwa ujio wetu utakaofuata, akasema ni ishara ya kuthamini wateja. Niliipokea kwa adabu, nikaitia mfukoni bila kuisoma. Nimeisoma leo asubuhi. Muda wake wa matumizi ulikwisha wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo.