Naomba ushauri: nisaini mkataba huu wa michoro?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbagala, mchana nachora mabango ya saluni, usiku vibonzo. Sasa mchapishaji mmoja hapa mjini kanipa kitabu cha watoto, kurasa 24, wanyama wamepanda daladala. Fisi nimemfanya konda, kaning'inia mlangoni na noti vidoleni; huyo fisi nampenda jamani!

Shida mkataba. Laki tatu kwa mkupuo, haki zote zake, hata akichapa tena. Najua Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda michoro, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Ila nikikaza si atampa mwingine?

Mliowahi kuchorea vitabu, mlidai mrabaha, yaani fungu la mauzo, au mlichukua chenu mkaondoka? Na jina langu kukaa kwenye jalada, naliombaje?