Tarehe 27 Agosti: nichague tukio gani la kusema mstarini?

Mwalimu wa Zamu, Tanga

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii zamu ni yangu, na shuleni kwetu mwalimu wa zamu ndiye anayesoma "Leo katika historia" mstarini kabla ya matangazo. Dakika tatu tu. Ukizidisha, wanafunzi wanaanza kusukumana na makamu mkuu anaanza kutazama saa yake waziwazi.

Kesho ni 27 Agosti na siku hiyo imejaa. Mwaka 1859 Edwin Drake alipata mafuta ya petroli kwenye kisima cha mita 21 huko Titusville, Pennsylvania. 1883 volkano ya Krakatoa ililipuka. 1896 Waingereza walilipiga kasri la Sultani wa Zanzibar. 1928 mataifa yalikutana Paris kutia saini kwamba vita sasa basi. 1963 W.E.B. Du Bois, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, alifariki Accra akiwa na miaka 95, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki hizo. 1975 Haile Selassie, aliyekuwa mfalme wa Ethiopia, alifariki. 2010 katiba mpya ya Kenya.

Mimi naegemea Zanzibar, maana inasimulika kirahisi: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, watoto wanacheka, tunaingia darasani. Mnasemaje?

Mtoto wa Forodhani

Mwalimu, assalaam alaykum. Nilikuwa nimeshazima simu nilale, hapo pa "watoto wanacheka" ndipo paliponirudisha.

Hizo dakika 38 kila mtu anazijua, na wapo wanaohesabu hadi 45. Watalii wanaambiwa, wanacheka, wanapiga picha. Sasa isikilize habari yenyewe. Jumanne tarehe 25 Sultani Hamad bin Thuwaini kafariki ghafla. Siku hiyohiyo Khalid bin Barghash keshaingia kasri na watu wake, anautaka usultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed awe Sultani, basi wakaleta manowari mbele ya kasri hadi zikafika tano: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Admirali wao, Rawson, akatoa amri, bendera iwe imeshushwa ifikapo saa tatu asubuhi ya Alhamisi. Khalid akajibu kwamba hashushi, na kwamba haamini kama watathubutu kupiga.

Saa tatu na dakika mbili wakapiga.

Kasri lile usilifikirie kama ngome. Sehemu kubwa ilikuwa mbao, na ndani mna watu wapatao 2,800, askari pamoja na watumishi na raia waliokuja kumuunga mkono. Waliouawa na kujeruhiwa ni kama 500. Upande wa pili aliumia baharia mmoja tu, naye akapona. Meli ya Sultani, Glasgow, nayo ilijaribu kujibu. Ikazamishwa palepale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini miaka na miaka, kila anayeingia Unguja kwa bahari anaiona.

Na lipo moja ambalo wasimuliaji wa dakika 38 hawalifiki. Baada ya yote, wafuasi wa Khalid walitozwa gharama ya makombora waliyopigwa nayo, pamoja na hasara ya uporaji uliofuata, jumla rupia 300,000. Yaani unapigwa, kisha unaletewa bili.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Nje Waingereza wanamngoja, akikanyaga tu wamshike. Wajerumani wakasubiri bamvua la tarehe 2 Oktoba, maji yakapanda mpaka penye lango la bustani, mashua ikaingia, akapanda bila kugusa ardhi ya Zanzibar. Akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata katika Vita Kuu ya Kwanza, wakampeleka uhamishoni, mwisho wakamruhusu kurudi huku kwetu. Alifia Mombasa 1927.

Wanafunzi wako wasomee hayo, sheikh. Dakika waziache.

Wa Nakuru

Mwalimu, usitusahau jirani zako. 2010 ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa Uhuru Park, Nairobi, nimesimama tangu alfajiri na viatu vimejaa matope. Kura ya maoni ilikuwa imepita tarehe 4 mwezi huohuo, asilimia 67 hivi wakasema ndiyo. Rais Kibaki alitia saini, akaiinua katiba juu watu waione, mizinga 21 ikapigwa. Halafu tukageuka kutazama jukwaa la wageni, tukamwona Omar al-Bashir wa Sudan ameketi, mtu ambaye ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilikuwa imemtolea hati ya kukamatwa. Siku ya kuapa kufuata sheria, jamani! Pale tulipokuwa tumesimama, watu waliongea zaidi juu ya huyo kuliko juu ya magatuzi, yaani serikali za kaunti.

Lakini kwa watoto wa Tanga sidhani itawashika. Ni habari ya watu wazima.

Baharia Mstaafu

Mimi ningekupeleka Krakatoa, na nitakwambia kwa nini.

Mlango wa bahari wa Sunda, kati ya Java na Sumatra, nimeupita nikiwa kwenye meli za mizigo. Mlima ulikuwa umeanza kutoa moshi tangu Mei 1883, na tarehe 27 Agosti ukapasuka mara nne. Mpasuko mkubwa kuliko yote ulikuwa saa nne na dakika mbili asubuhi, saa za kule. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao si kwa moto bali kwa mawimbi yaliyopanda nchi kavu. Kisiwani Rodrigues, huku kwetu Bahari ya Hindi, mkuu wa polisi aliandika kwamba amesikia kama mizinga mizito inapigwa upande wa mashariki. Umbali ni kilomita 4,800 hivi, zaidi ya Dar hadi Cairo kwa mstari ulionyooka. Sauti ilitembea saa nne kufika.

Lile jiwe jepesi la kusugulia miguu, lenye vitundu, ndilo lililotapikwa na mlima ule kwa wingi. Huelea. Yalikusanyika yakawa kama chelezo, yakavuka bahari na mkondo. Mwaka uliofuata, 1884, yaliokotwa ufukweni Zanzibar, na kati yake mifupa ya binadamu.

Kwa hiyo Zanzibar umeiandika mara moja kwenye orodha yako, mwalimu, kumbe imo mara mbili.

Msomaji wa Jioni

Mimi nina nyongeza fupi juu ya Paris 1928. Mataifa 15 yalitia saini siku hiyo, na Ujerumani, Italia na Japani zilikuwemo. Miaka mitatu baadaye Japani iko Manchuria. Oktoba 1935 Italia inaingia Ethiopia. Na Haile Selassie, aliyefukuzwa nchini mwake na hao waliotia saini, akafariki mikononi mwa Derg, utawala wa kijeshi uliompindua, tarehe ileile ya 27 Agosti. Wakatangaza ni maradhi. Mabaki yake yalikuja kufukuliwa 1992 katika eneo la kasri, akazikwa kwa heshima mwaka 2000. Ningekuwa mimi, ningewasomea hayo mawili kwa mpigo.

Mwalimu wa Zamu, Tanga

Ahsanteni sana, wakuu. Mtoto wa Forodhani, nimekusoma vizuri, ila wewe hujasimama mbele ya vijana mia nne saa moja na nusu asubuhi, wengine hawajanywa hata chai. Kioja ndicho kinachowafungua masikio. Basi nitaanza na bili: rupia 300,000, waliopigwa ndio wanaolipa. Wakishanikodolea macho, nawapa wale watu 500, dakika 38 zije mwisho kama muda upo. Krakatoa naiweka Ijumaa, kipindi cha jiografia Kidato cha Tatu, na nitakwenda na lile jiwe la bafuni kwangu wakalione likielea kwenye ndoo.

Baharia, swali moja: Rodrigues iko upande gani wa Mauritius? Watauliza, nawajua.

Baharia Mstaafu

Mashariki yake, kilomita 560 hivi. Na hiyo ndoo ijaze vizuri, maji machache jiwe litagota chini wakucheke.