Naomba ushauri: nawapeleka wazazi Montalcino (Italia), baba mkulima wa zabibu, mama magoti yanamsumbua

Zabibu_Hombolo

Wakuu habari zenu. Naishi München, na Septemba hii Mungu akipenda baba na mama wanakuja kunitembelea kutoka Dodoma. Viza zao zimeshatoka, tiketi ninazo. Baba amelima zabibu Hombolo tangu sijazaliwa, na kila nikimpigia simu lazima aniulize kama nimeshaona shamba la zabibu la Wazungu likoje. Kwa hiyo nimeamua, wakishapumzika hapa kwangu, tushuke Toscana hadi Montalcino, ule mji mdogo unaotoa mvinyo wa Brunello, tukae kama siku nne.

Sasa mambo yanayonisumbua. Mama magoti yamechoka, ngazi ndefu hawezi. Ni Mwanglikana wa kanisani hasa, anapenda makanisa ya zamani kuliko kitu kingine chochote. Halafu wazazi wangu wote hawanywi pombe kabisa; baba huvuna, huuza kiwandani, basi. Naomba kujua: (1) nikodi gari au mabasi yanatosha? (2) inaruhusiwa kutembelea mashamba na maghala ya mvinyo bila kuonja, au tutaonekana tunapoteza muda wa watu? (3) kuna nini cha kuona pale jirani ambacho mama atakifurahia bila kuumia?

Leseni yangu ni ya Ujerumani. Asanteni.

KijanaWaBolzano

Gari mkuu, usifikirie mara mbili. Montalcino hakuna stesheni ya treni. Basi linatoka Siena lipo, ila Jumapili usafiri unakuwa wa shida, na kutoka mjini kwenda vijijini mabasi ni ya kuhesabu. Ukiwa na wazee hutaki kusimama kituoni juani unasubiri.

Pandeni treni ya München hadi Bologna inayopita Brenner, badilisheni hapo kwenda Firenze, kodi gari Firenze. Barabara ya Firenze hadi Siena haina tozo. Kutoka Siena unafuata barabara ya Cassia hadi Buonconvento, kisha unapanda mlima. Siena hadi Montalcino ni kama kilomita 40.

Angalizo moja kubwa: miji yote ya kale ina maeneo yenye alama ya ZTL, ambako gari la mgeni haliruhusiwi kuingia. Hakuna askari wala kizuizi, kuna kamera tu. Faini itakufuata hadi München, na mwenye gari atakukata na yake juu. Acha gari nje ya kuta. Mistari ya buluu ni maegesho ya kulipia, myeupe ni bure, ya njano usiiguse.

DadaWaSiena

Karibu sana mdogo wangu, na wasalimie wazazi. Mimi niko Siena miaka mingi, kazi yangu ni kutunza wazee, kwa hiyo hili la magoti nalielewa vizuri. Ngoja nikuandikie kwa kirefu kidogo.

Montalcino wenyewe uko juu ya kilima, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na vichochoro vyake vinapanda na kushuka. Anzeni juu kwenye ngome, kwa sababu maegesho yako karibu nayo. Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1361, baada ya Siena kuutwaa mji. Siena yenyewe ilipoanguka mwaka 1555, raia wake waliokataa kusalimu amri walikimbilia hapo Montalcino na kuiendeleza jamhuri yao hadi 1559. Mweleze mama kisa hicho mkiwa mmekaa uani, kuingia uani ni bure. Juu ya kuta muende wewe na baba tu, ngazi zake ni kali. Kutoka pale mnaona bonde zima la Orcia na mlima Amiata kwa mbali.

Baada ya hapo shukeni taratibu hadi uwanja wa Piazza del Popolo, mkae mnywe kahawa. Ule mnara mwembamba ni wa jengo la halmashauri ya zamani. Kurudi juu ndiko kunakochosha, kwa hiyo mama abaki pale kwenye kiti na wewe ukafuate gari, mkutane sehemu inayoruhusiwa.

Sasa kitu cha mama. Mpeleke abasia ya Sant'Antimo. Ningekuwa na asubuhi moja tu Toscana nzima ningeitumia pale. Iko bondeni chini ya kijiji cha Castelnuovo dell'Abate, kama kilomita 10 kutoka Montalcino, katikati ya mizeituni, na ubavuni mwa mnara wa kengele kuna mti wa mvinje ulioshindana nao kwa urefu. Simulizi za watu zinasema ilianzishwa na mfalme Karolo Mkuu mwaka 781. Kanisa lenyewe mnaloliona lilianza kujengwa karne ya 12. Hakuna dhahabu wala michoro mingi ukutani. Ni jiwe tu, ila jiwe hilo lina vipande vya alabasta ndani yake, na mwanga wa asubuhi ukiingia kutoka upande wa altare baadhi ya mawe yanapitisha nuru kama ngozi ya sikio la mtoto. Nendeni mapema, kabla ya mabasi ya watalii.

Mkishaingia, msogeze mama kwenye nguzo ya pili upande wa kulia. Mtazame juu. Pale kwenye kichwa cha nguzo amechongwa Danieli katika tundu la simba: yeye yuko katikati ameinua mikono anaomba, simba wamemzunguka. Fundi aliyechonga hajulikani kwa jina lake, wataalamu humwita tu bwana wa Cabestany, kwa sababu kazi za mkono wake zinapatikana pia huko Ufaransa. Nimewahi kumpeleka pale bibi mmoja niliyekuwa namtunza. Hakusoma kibao chochote, alimtambua Danieli mwenyewe kutoka mlangoni, akaanza kunisimulia. Mama yako naye atamtambua, hahitaji mtu wa kumwelezea.

Mabega na magoti yafunikwe. Khanga moja kwenye mkoba inatosha.

Siku nyingine nendeni Pienza. Papa Pio wa Pili alizaliwa hapo mwaka 1405 kilipokuwa kijiji kiitwacho Corsignano. Alipopata upapa akamwita msanifu Bernardo Rossellino, na kuanzia 1459 wakajenga upya katikati ya kijiji: kanisa kuu, kasri, uwanja, vyote kwa miaka michache. Kwa mama ni pazuri kwa sababu barabara kuu ni tambarare na viti vipo. Kanisa lilijengwa ukingoni mwa mteremko na upande wa nyuma umekuwa ukititia tangu zamani. Mkiwa ndani mtaona nyufa wenyewe. Jibini ya maziwa ya kondoo ya pale mnunue kwa vipande vidogo, iliyokaa muda mfupi na iliyokaa muda mrefu, mlinganishe.

Jambo la mwisho: zile picha za vilima vya kijani mnazoziona mtandaoni ni za Aprili na Mei. Septemba ngano imeshavunwa, ardhi imelimwa, vilima ni vya kahawia na kijivu. Mimi naipenda zaidi hivyo, na nadhani baba yako mkulima naye ataipenda, lakini waambie mapema.

MkulimaMakutupora

Nimefurahi kuona mtu wa Hombolo hapa. Niliwahi kupita mashamba ya Montalcino kwenye safari ya mafunzo, kwa hiyo nijibu swali la pili.

Kutembelea bila kuonja inaruhusiwa kabisa, lakini andika barua pepe kabla. Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba ndiyo mavuno, watu wako shambani, hawana muda wa kupokea mgeni aliyejitokeza tu mlangoni. Andika wazi: baba yangu ni mkulima wa zabibu kutoka Tanzania, hatunywi pombe, tunaomba kuona shamba na mapipa, ada ya matembezi tutalipa. Chagua shamba dogo la familia. Mkulima akisikia mgeni ni mkulima mwenzake, mazungumzo yanabadilika.

Mwambie mzee aangalie haya. Brunello ni zabibu aina moja tu, sangiovese, haichanganywi. Sheria inaweka ukomo wa tani 8 kwa hekta, na utaona wanakata vichala vibichi na kuviacha chini ili vilivyobaki viive sawasawa. Kwetu mtu akikata kichala kibichi ataulizwa kama ana akili timamu. Umwagiliaji ni wa dharura tu, mizabibu inasubiri mvua. Na wanavuna mara moja kwa mwaka, wakati sisi Dodoma tunavuna mara mbili.

Kisha aulize habari za kusubiri. Zabibu zilizovunwa 2020 zimeruhusiwa kuuzwa kama Brunello kuanzia Januari 2025. Angalau miaka miwili kati ya hiyo mvinyo umekaa kwenye mapipa ya mwaloni. Mkulima wetu anayevuna leo na kutaka hela wiki ijayo anapaswa kujua kwamba wenzetu wanaweza kungoja kwa sababu wana mtaji na chama cha wazalishaji kinacholinda jina. Ardhi ile haina muujiza. Nilivyoona mimi, hilo ndilo somo kubwa kuliko la udongo, na ningependa mzee akirudi awasimulie wenzake Hombolo.

Mhifadhi_Arusha

Naomba nitofautiane kidogo na wengi. Kwa mama mwenye magoti, usilale Montalcino. Lala San Quirico d'Orcia. Mji ni mdogo, hauna milima, kanisa lake la Collegiata lina milango ya mawe yenye simba waliochongwa, na bustani ya Horti Leonini ya karne ya 16 iko hapo hapo katikati. Montalcino, Pienza na Bagno Vignoni zote ziko karibu kwa gari. Kila jioni mama atatoka matembezi mafupi bila kupanda kitu.

DadaWaSiena

Kaka yangu hapo umesema kweli, nakuunga mkono. Montalcino waende mchana tu.

Zabibu_Hombolo

Nimeshukuru sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. San Quirico imepita. Barua ya shambani naiandika leo. Hapo kwa Danieli mama nimeshamwambia, amefurahi mno, anataka kujua kama ataruhusiwa kukaa kwenye benchi aombe.

Swali la nyongeza: hizo chemchemi za maji moto za Bagno Vignoni na Bagni San Filippo, mama anaweza kuingia?

DadaWaSiena

Kwenye benchi atakaa bila shida, ni nyumba ya sala.

Bagno Vignoni: uwanja wa kijiji wenyewe ni bwawa kubwa la maji moto, lilitumika tangu enzi za Warumi, na Mtakatifu Katarina wa Siena aliletwa pale akiwa msichana. Kuoga kwenye bwawa hilo ni marufuku, mnalitazama tu. Lakini maji yanatoka pale kwa mifereji midogo kuelekea kwenye magofu ya vinu vya kusagia, na watu hukaa pembeni wametumbukiza miguu. Mama atafaidi sana hapo, na kutoka maegesho ni karibu. Akitaka kuzama mwili mzima, kuna hoteli zenye mabwawa ya kulipia.

Bagni San Filippo ni bure na pana ule mwamba mkubwa mweupe wa chokaa wanaouita nyangumi, ila njia inateremka msituni, ina mizizi na utelezi. Muende wewe na baba, viatu vya kushika chini. Mama abaki kwenye mkahawa wa kijijini.

Kabla hajaingiza magoti kwenye maji moto, kama anatumia dawa za presha, muulizeni kwanza daktari wake.

KijanaWaBolzano

Na wewe dereva, kama utaonja shambani: ukomo Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na leseni ikiwa chini ya miaka mitatu ni sifuri kabisa. Barabara za kwenda mashambani ni za changarawe na kona kali. Chukua gari dogo.