MJADALA: Tuvalu waingizwe FIFA sasa, au waendelee kusubiri?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wadau wa soka, habari za jioni. Naomba leo tuijadili timu ya taifa ya wanaume ya Tuvalu. Ni nchi ya visiwa tisa katikati ya Bahari ya Pasifiki, watu wake ni kama 11,000, na nchi kavu yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 26 tu. Walipata uhuru kutoka kwa Mwingereza tarehe 1 Oktoba 1978, na tangu mwaka 2000 wana kiti chao Umoja wa Mataifa kama sisi. Ila kwenye orodha ya wanachama 211 wa FIFA hawamo. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kunitafuta: wanaonewa, na wapewe uanachama kamili.

Tuanzie uwanjani, maana huko ndiko wanakohukumiwa bila kutazamwa. Mwaka 1979, hata mwaka haujatimia tangu uhuru, walipeleka timu Michezo ya Pasifiki Kusini kule Fiji. Mechi yao ya kwanza ya kimataifa wakakutana na Tahiti, wakafungwa 18-0. Wengi wangefungasha virago. Wao katika mashindano hayo hayo wakaifunga Tonga 5-3.

Sasa njoo mwaka 2007, Apia, Samoa. Shirikisho la soka la Oseania, kanda ya New Zealand na visiwa vya Pasifiki, lilikuwa limeamua kwamba Michezo ya Pasifiki Kusini ya mwaka ule ihesabiwe pia kuwa hatua ya kufuzu Kombe la Dunia 2010. Tuvalu walikuwa wamealikwa kwenye michezo, kwa hiyo wakajikuta wanacheza kufuzu Kombe la Dunia bila kuwa wanachama wa FIFA. Hakuna nchi iliyowahi kufanya hivyo kabla yao. Fiji wakawapiga 16-0, na hiyo ndiyo habari watu wanayoikumbuka. Lakini kundini humo humo walifungwa 1-0 tu na Kaledonia Mpya, na hao Kaledonia Mpya ndio walioondoka na dhahabu. Na Tahiti, wale wale wa 18-0, wakatoka nao sare 1-1, goli la Tuvalu likifungwa na Viliamu Sekifu. Tahiti hiyo miaka mitano baadaye ilikuwa bingwa wa Oseania, na 2013 ikasimama Maracanã kucheza na Hispania kwenye Kombe la Mabara.

Mwaka 2011, Michezo ya Pasifiki kule Nouméa, Kaledonia Mpya, walikuwa na kocha Mholanzi, Foppe de Haan, mtu aliyetwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana wa chini ya miaka 21 mara mbili mfululizo akiwa na Uholanzi, 2006 na 2007. Mtu wa wasifu ule alikubali kwenda kufundisha vijana wa Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu. Wakaifunga Samoa ya Marekani 4-0 na kutoka sare 1-1 na Guam. Zote mbili ni wanachama wa FIFA. Na wala hizo mbili si nchi huru, ni maeneo yaliyo chini ya Marekani.

Hapo ndipo ninapotaka mnijibu. Aliyefungwa 4-0 yumo ndani, aliyemfunga yuko nje. Kwa kigezo gani?

Mchangiaji (Nairobi)

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini umejaza moyo kuliko hoja. FIFA hawaangalii nani alimfunga nani. Wanaangalia kama una chama kinachoweza kuendesha soka: ligi, waamuzi, uwanja wa kupokea wageni, hoteli ya kuwalaza. Tuvalu wana uwanja mmoja, ule wa Funafuti, na ardhi yao ni matumbawe ambayo nyasi haziichangamkii. Ndege za kwenda huko ni chache kwa wiki. Ukiwapa uanachama, timu ngeni zitafikaje, zitalala wapi?

Na kuna suala la kura, ambalo hukuligusa kabisa. Ndani ya FIFA kura ya Montserrat, kisiwa cha Karibi kisichofikisha hata watu 6,000, ina uzito sawa na ya Brazil. Sisi Waafrika tuna kovu letu na Oseania. Julai 2000, Afrika Kusini ilikuwa inaomba Kombe la Dunia la 2006. Charles Dempsey, rais wa shirikisho la Oseania, alikuwa ameagizwa na wenzake aipigie kura Afrika Kusini baada ya Uingereza kutolewa. Raundi ya mwisho akakataa kupiga kura. Ujerumani ikashinda 12-11. Kwa hiyo mtu akiniambia tuongeze kura nyingine ndogo kutoka kona ile ile ya dunia, nataka kwanza anieleze itatulinda vipi.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam aleikum. Mleta mada, mimi Mzanzibari, na nakuunga mkono kwa uchungu.

Sisi tulikubaliwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, mwanachama wa 55. Watu walisherehekea. Julai ya mwaka ule ule tukavuliwa, tukaambiwa Zanzibar si nchi huru inayotambulika kimataifa. Desemba vijana wakaenda Kenya kwenye CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda, fainali pale Machakos wakatoka 2-2 na Kenya na kupoteza kwa penalti. Wadogo zangu waliocheza ile fainali hawana mechi ya kufuzu Kombe la Dunia hata moja kwa jina la Zanzibar.

Sasa kama kigezo ni uhuru wa nchi, basi kiwe kigezo. Tuvalu wanacho. Bendera yao iko New York. Mtu anayetukatalia sisi kwa sababu ya uhuru, kisha anawakatalia Tuvalu kwa sababu ya hoteli, huyo hatafuti kigezo, anatafuta sababu. Na wakati huo Tahiti, Kaledonia Mpya, Visiwa vya Faroe, Puerto Rico wote wamo.

Mchangiaji (Nairobi)

Shehe, pole kwa lililowapata 2017, na ile fainali ya Machakos niliiona, mlistahili heshima. Lakini usichanganye. Wengi wa hao uliowataja waliingia kwa taratibu za zamani. Kanuni zimekazwa.

Mleta mada (Dar es Salaam)

Mkuu wa Nairobi, nakushukuru kwa kuleta hoja nzito. Nianze na uwanja, kwa sababu hiyo ndiyo inayorudiwa kila mara: hawana uwanja wa kiwango, hawana mahali pa mazoezi, hawana hoteli za kutosha.

Kanuni zimekazwa, sawa. Tarehe 13 Mei 2016, kanuni zikiwa tayari zimekazwa, FIFA iliipokea Gibraltar. Gibraltar si nchi huru, ni eneo la Uingereza. Na haikuwa na uwanja unaokidhi viwango, kwa hiyo mechi zake za nyumbani ilikuwa inazipeleka Faro, Ureno. Nchi nyingine kabisa! Kama Gibraltar waliruhusiwa kukaribisha wageni Ureno, Tuvalu wanashindwaje kukaribisha wageni Suva? Fiji ndiko ndege zao zinakotua hata hivyo. Na kwa kweli Oseania wenyewe wana desturi ya kukusanya timu sehemu moja wachezee hapo, kama Apia mwaka 2024, ambapo Samoa, Samoa ya Marekani, Tonga na Visiwa vya Cook walianza safari ya kufuzu Kombe la Dunia 2026. Mechi ya nyumbani na ugenini wala si sharti la maisha huko.

Sasa sikiliza upande wa fedha. Kwa mzunguko wa 2023 hadi 2026, mpango wa FIFA Forward unampa kila mwanachama nafasi ya kupata hadi dola milioni 8, sehemu yake ikiwa ya miradi: viwanja, vituo vya mazoezi, ofisi. Anayepata ni mwanachama. Tuvalu wanaambiwa wajenge kwanza ndipo waingie, na fedha za kujengea ziko ndani ya mlango waliofungiwa. Serikali ya watu 11,000 itoe wapi fedha za uwanja wa kimataifa wakati ina hospitali, shule na kuta za kuzuia bahari za kujenga?

Halafu watu wanasema hawana sehemu ya kuchezea. Nendeni mkaangalie picha za Funafuti jioni. Njia ya kurukia ndege, ile waliyoijenga Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, siku ambayo hakuna ndege inageuka uwanja. Watoto, wakubwa, mpira wa miguu, voliboli, wote wako pale juu ya lami. Hao ni watu wanaopenda mpira kuliko vyama vingi vyenye nyasi bandia na jengo la ghorofa.

Kuhusu kura ya Dempsey, nami ile kura inaniuma. Lakini ilikuwa ya mtu mmoja kutoka New Zealand, ndani ya kamati ya watu 24, na ndiyo maana ikawezekana. Tangu hapo uamuzi wa mwenyeji wa Kombe la Dunia umehamishiwa mkutano mkuu wa wanachama wote. Ukiogopa kura za kununuliwa, ogopa vyumba vidogo. Tuvalu hawakuwemo hata kwenye jengo.

Mchangiaji (Mombasa)

Kuna sehemu ya historia mnairuka. Tuvalu walipochoka kusubiri walikwenda kwingine. Mwaka 2018 walicheza Kombe la Dunia la CONIFA kule London, mashindano ya timu zisizo FIFA, wakichukua nafasi ya Kiribati. Kundini walikuwa na Padania ya kaskazini mwa Italia, Székely ya Wahungaria wa Romania na Matabeleland ya Zimbabwe. Padania waliwafunga 8-0. Na mwenyeji rasmi wa mashindano yale alikuwa Barawa, chama cha Wasomali wa kusini walioko Uingereza. Barawa ni ndugu zetu, lugha yao ya Chimwini ukiisikia unaelewa nusu kabla hujatafsiriwa. Kwa hiyo msiseme Tuvalu wako mbali na sisi, tulishakaa nao jamvi moja.

Ila swali langu ni hili. CONIFA inawatosha? Kwa nini wahangaike na FIFA?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Haiwatoshi, kaka. CONIFA imewapa heshima, lakini haijengi uwanja, haisomeshi waamuzi, wala mechi zake haziingii kwenye viwango vya dunia. Na Tuvalu si watu wasio na nchi.

Tazameni Samoa ya Marekani. Mwaka 2001 walifungwa 31-0 na Australia kule Coffs Harbour, Archie Thompson peke yake akafunga 13. Walikuwa wanachama, kwa hiyo waliendelea kupata mechi na misaada. Mwaka 2011, miezi michache baada ya kufungwa 4-0 na Tuvalu, wakaletewa kocha Thomas Rongen kutoka Marekani, na Novemba wakaifunga Tonga 2-1 kwenye mechi ya kufuzu. Kipa langoni alikuwa Nicky Salapu, yule yule wa 31-0. Dunia nzima ikalia kwa furaha, nami nikiwemo. Tuvalu, waliokuwa bora kuliko wao mwaka ule, hawakuwa hata na haki ya kuingia kwenye droo.

Mchangiaji (Mwanza)

Mimi naona mnakwepa jambo kubwa. Nchi yenyewe inaliwa na bahari. Mwaka 2024 mkataba wao na Australia ulianza kutumika, watu 280 kila mwaka wanapewa nafasi ya kuhamia huko. Katika watu 11,000, vijana ndio watakaotangulia. Timu ya taifa itabaki na nani? FIFA imwage saruji kwenye kisiwa ambacho maji yanaingia uwanjani mawimbi yakipanda?

Mchangiaji (Unguja)

Ndugu wa Mwanza, Montserrat volkano ilianza kulipuka 1995. Mji mkuu ukafukiwa, zaidi ya nusu ya watu wakahama, na nusu ya kisiwa ikawa eneo la kutokanyagwa. FIFA iliwapokea 1996, majivu yakiwa bado yanaanguka. Wengi wa wachezaji wao sasa wamezaliwa au kukulia Uingereza, na jezi wanayovaa ni ya Montserrat. Kama moto haukuwa sababu ya kuwafungia mlango, maji yasiwe. Mimi naona ni kinyume: taifa linalotawanyika ndilo linalohitaji zaidi timu ya kulikutanisha.

Mchangiaji (Nairobi)

Hoja ya Montserrat na ya Gibraltar sina jibu lake, nasema kweli. Basi nakubali waingie, kwa sharti moja: miaka minane ya kwanza wapate fedha za maendeleo, ukaguzi wa hesabu kila mwaka, mechi za kufuzu, lakini kura ya mkutano mkuu isubiri. Wakionyesha ligi inayoendeshwa vizuri ndipo wapige kura.

Mleta mada (Dar es Salaam)

Ukaguzi naukubali kwa mikono miwili, na uwahusu wote 211. Kura kusubiri sikubali. Mwanachama asiye na kauli ndicho walicho tayari: tangu 2006 ni wanachama shirikishi wa Oseania, wanaalikwa mashindanoni na hawaamui. Ukiwaongezea daraja lingine la namna hiyo utakuwa umewahamisha kutoka kibaraza kimoja hadi kingine.

Na hapa nataka tuelekeze macho panapostahili. FIFA haipokei mtu ambaye shirikisho la bara lake halijampokea kikamilifu. Kwa hiyo mlango wa kwanza hauko Zurich, makao ya FIFA, uko Auckland, kwa wanachama 11 wa Oseania. New Zealand, Fiji, Samoa, Tonga na wenzao ndio wanaoijua Tuvalu, wamecheza nayo, wamelala nayo kijiji kimoja cha wanamichezo. Sasa Oseania imepata nafasi ya moja kwa moja Kombe la Dunia, na New Zealand wameshaichukua ya 2026 kwa kuifunga Kaledonia Mpya 3-0. Kisingizio cha kwamba bara lao halina nafasi ya kupigania kimeisha.

Ndugu wa Mombasa na wa Mwanza bado hamjasema mnasimama wapi. Na kama kuna mtu wa Kampala au Bujumbura anayesoma, naomba anijibu hili la kura: kuna mwanachama gani mwingine wa FIFA aliyewahi kuwekewa miaka minane ya kukaa kimya?