Ukoo wa Babu, Kibosho

*Jumamosi*

18:04 Mama Neema: Nimeweka picha ya majibu ya Baba. WBC (chembe nyeupe za damu) 24.6. Jumatatu anakwenda hospitali ya KCMC. Nahitaji gari na 80,000. Kila mtu aseme neno leo.

18:19 Mama Neema: Naona tiki za bluu tu.

18:31 Godi: Babu kaongeza jeshi, nani kavamia Kibosho? 😂

18:32 Mama Neema: Godi!

18:40 Baba Glory: Hiyo ni saratani ya damu. Tujiandae.

18:47 Eliya: Kaka, soma karatasi mpaka chini kwanza. 24.6 ni chembe 24,600 kwa mikrolita. Mtu mzima huwa na 4,000 hadi 11,000. Ziko aina kadhaa; zilizopanda ni neutrofili, 86%. Hizo hupandishwa sana na bakteria: kichomi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), jipu, kidonda. Sigara pia, kuungua, upasuaji, na dawa za steroidi. Zingekuwa eosinofili, aina nyingine, ningeuliza minyoo, kichocho, pumu, mzio. Hb (wingi wa damu) 13.1 na chembe sahani (za kugandisha damu) 290 ziko sawa. Saratani ya damu inayokwenda haraka mara nyingi huzishusha. Ile ya polepole inayopandisha neutrofili mara nyingi huvimbisha bandama na kupandisha basofili, aina nyingine tena, za Baba ni 0.

18:55 Upendo: Shikamooni. Babu ana homa? Anakohoa? Mkojo unamchoma? Malaria kwa kawaida haipandishi chembe nyeupe hivi, msimpe mseto bila kupima. Wala antibayotiki za kubahatisha.

19:02 Mama Neema: Gari jamani.

19:10 Baba Glory: Langu lina kazi Jumatatu.

19:11 Mama Neema: Kama ile siku ya kahawa.

19:12 Baba Glory: Ya kahawa nilishaeleza.

19:12 Mama Neema: Ulieleza, hukurudisha.

19:14 Godi: Kwani kahawa nayo inapandisha WBC?

19:40 Babu: Nipo humu nawasoma. Msinigawane kama nimeshazikwa. Kifua kilibana, duka la dawa wakanipa vidonge vidogo vyeupe, sita kila asubuhi. Leo siku ya nane. Ya kahawa nitawaita wawili nyie, mkae mbele yangu.

19:58 Mama Neema: Shikamoo Baba.

20:00 Eliya: Shikamoo Baba. Pakiti imeandikwa prednisoloni 5 mg?

20:09 Babu: Marahaba. Ndiyo.

20:16 Eliya: Basi ni 30 mg kwa siku. Dawa hiyo ni steroidi, hubandua neutrofili zilizonata kwenye kuta za mishipa, zikamwagika kwenye mzunguko, na uboho nao ukatoa nyingine. Huanza ndani ya saa chache. Ila tusiishie hapo: kifua kilichobana chaweza kuwa kichomi, na steroidi huficha homa. Nenda na pakiti yenyewe, jina la dawa na siku ulizomeza viandikwe kwenye fomu ya maabara. FBP (kipimo hiki cha chembe za damu) irudiwe, na slaidi isomwe kwa hadubini, maana mashine peke yake inaweza kupitwa na chembe changa. Neutrofili changa zikiwa nyingi, hapo bakteria anashukiwa zaidi. Picha ya kifua pia. Vidonge usiongeze wala kuacha mwenyewe kabla ya kumwona daktari.

20:20 Upendo: Akihema kwa shida au akichanganyikiwa, hakuna kusubiri Jumatatu. Usiku huo huo.

20:24 Mama Neema: Jumatatu saa moja asubuhi. Gari?

20:51 Baba Glory: Nitaangalia.

*Jumapili*

06:12 Mama Glory: Ndio naona. Tunatoa shilingi ngapi?

06:15 Mama Neema: Zimefika 25,000. Kadi ya bima ya Baba iko wapi?

06:40 Babu: Anayo Baba Glory.