Mjadala: Karatasi za mashairi ya Muyaka zirudi Mombasa, au zibaki London?

Mwana Kuze: Ndugu zangu, naileta hoja hii kwa sababu imenikaa moyoni muda mrefu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa takriban kati ya 1776 na 1840, yametufikia kwa jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyakusanya kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka, miaka mingi baada ya Muyaka kuzikwa, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kuyafafanua pamoja na mmisionari William Taylor. Leo karatasi hizo zimo katika maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika huko London. Je, haujafika wakati wa kuzidai? Sioni kwa nini mtu wa Mombasa aombe ruhusa ugenini ili amsome mshairi wa mtaani kwake.

Mtunza Nyaraka: Bwana Kuze, nia yako ni njema, lakini tuelewane kwanza tunadai nini. Karatasi zile hazikuandikwa kwa mkono wa Muyaka. Ni kazi ya Sikujua na Taylor, na thamani yake kubwa imo katika maelezo ya shairi gani lilitungwa kwa tukio gani na lilimlenga nani, maana Muyaka alikuwa mtu wa kujibizana, hasa enzi zile Mombasa ya Wamazrui, ukoo uliotawala mji, ilipokuwa ikivutana na Lamu na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Ukiyaondoa maelezo hayo, tungo nyingi zinabaki mafumbo matupu. Ama kuhusu kuzirudisha, tuseme ukweli: kwa joto letu, unyevu wetu na mchwa wetu, nina shaka kama leo tungekuwa na cha kudai.

Bint Kibokoni: "Mchwa wetu"? Nimeyasoma maneno hayo mara mbili nikidhani nimekosea. Nyanya yangu alikuwa na utenzi ulioandikwa kwa mkono, akiuweka ndani ya kasha, umefungwa kitambaa cheupe, na kila mwaka akiutoa kuupunga upepo kivulini, kamwe si juani, kisha akitia karafuu mpya pembeni. Hakusomea utunzaji wa nyaraka popote. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, ulinakiliwa na kupokezanwa majumbani kabla mgeni yeyote hajauchapa. Na miswada ambayo J.W.T. Allen, mtafiti Mwingereza wa tenzi, aliikusanya miaka ya 1960, ambayo leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliitoa wapi kama si kwenye nyumba kama hizo, zenye mchwa wake?

Mtunza Nyaraka: Bi Kibokoni, sikumtukana nyanya yako, Mungu amrehemu. Nilichosema ni kwamba alichokipata Allen ni kile kilichosalia, na kilichosalia hakiwezi kutuhesabia kilichopotea. Kila mtu anayo hadithi ya kasha lililookoka. Makasha yaliyofunguliwa yakakutwa na vumbi jekundu hayasimuliwi, kwa kuwa ni aibu ya familia.

Bint Kibokoni: Basi sema "makasha mengine", usiseme "mchwa wetu" kama kwamba wadudu wamesajiliwa pwani peke yake.

Msafiri wa Bara: Mnagombania mchwa bure. Diwani ya Muyaka ilikwisha kuchapwa Nairobi zamani sana, kabla ya uhuru kama sikosei, na yeyote anaweza kuisoma. Karatasi kuukuu za nini tena?

Mwalimu wa Khati: Unakosea, ndugu, na umechanganya vitabu viwili. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kilichochapwa Nairobi ni kitabu cha Mohamed Abdulaziz kuhusu Muyaka, nacho ni cha 1979. Lakini hata tungekuwa na diwani kumi, chapa haiwezi kushika nafasi ya mswada. Katika uandishi wa zamani herufi ya "ba" ilitumika kwa b na kwa p pia, "fa" kwa f na v, na alama ya irabu iwekwayo chini ya herufi haikutofautisha e na i. Neno lile lile mtu mmoja atalisoma "pata" na mwingine "bata"; "fua" inaweza kuwa "vua". Mhariri huchagua moja na kulichapa kwa herufi za Kirumi, na kuanzia hapo msomaji hajui tena kwamba palikuwa na uchaguzi. Anayetaka kubishana na Hichens hana budi kurudi kwenye mkono wa Sikujua.

Bint Kibokoni: Ndiyo maana nauliza jambo ambalo mabwana mmelipita. Sikujua alifariki 1890 na hakuiona hata chapa moja, na bado watu wanaziita "karatasi za Taylor". Jina lililobaki ni la aliyezibeba. Zikikaa London au zikija Mombasa, mimi nataka jina la Sikujua litangulie.

Mwana Kuze: Bi, sipingi, lakini hoja yangu ilikuwa kurudishwa kwa karatasi zenyewe. Jina halimfikishi mwanafunzi wa Mombasa kwenye ukurasa.

Mtunza Nyaraka: Katika hili la jina nipo upande wa Bi Kibokoni, ingawa najua hatanishukuru. Orodha ya maktaba hurekebishwa kwa barua moja yenye hoja nzuri, ilhali kurudisha mali ni kesi ya miaka. Isitoshe, Bwana Kuze, huyo mwanafunzi ukimfikisha kwenye ukurasa atausoma? Watoto wetu wanahitimu madrasa wakiisoma Kurani vizuri kabisa, lakini wakiwekewa Kiswahili kwa herufi zile zile wanakwama mstari wa kwanza, kwa sababu hawakuwahi kufundishwa kukisia p ndani ya "ba".

Mwana Kuze: Watafundishwa. Mwalimu wa Khati yupo.

Mwalimu wa Khati: Nipo, na walionifuata mpaka leo hawajazi mkeka mmoja. Bi Kibokoni, niruhusu nikuulize bila nia mbaya: utenzi wa nyanya yako, nani aliusoma mara ya mwisho?

Bint Kibokoni: Nyanya mwenyewe. Mimi najua kuupunga upepo na kuufunga tena. Kama una nafasi Alhamisi baada ya alasiri, nitauleta, lakini hautoki mikononi mwangu.